Fremu ya Mzee Semboja

Hapo zamani, na msinikatize maana hii yenyewe inanichanganya, zamani zile picha zikisafishwa kwenye chumba cha giza na kuanikwa kambani kama nguo, pale Korogwe palikuwa na mpiga picha anaitwa Fundi Mhina. Alikuwa na sanduku la vitabu vya picha za mabingwa wa kupiga picha mitaani, wa nchi za mbali na wa huku kwetu. Alikuwa na wanafunzi watatu, na kila mmoja akampa bingwa wake wa kumsoma.

Hoza alipewa bingwa wa kuvizia. Huyo alificha kamera ndani ya koti akapiga watu wasijue, maana mtu akijua anapigwa picha, uso unavaa nguo za sikukuu. Mdoe alipewa bingwa wa kuomba. Huyo hakumpiga picha hata mtoto bila kumwomba, na akikataliwa aliondoka. Mwajabu, binti pekee, alipewa bingwa wa kukaa. Huyo alihamia kwa watu, akala nao, akaugua nao malaria, kamera inaning'inia tu shingoni mpaka wakaisahau.

"Mmesoma vya kutosha," Fundi Mhina akawaambia. "Sasa nendeni mkaniletee Mzee Semboja."

Wakatazamana. Mzee Semboja alikuwa seremala wa fremu, karakana yake ukuta kwa ukuta na studio. Nyumba gani pale mjini haikuwa na fremu yake? Lakini yeye mwenyewe hakuwa na picha hata moja. Siku hizo watu walipeleka picha ya mtu kutiwa fremu akishazikwa. "Kila uso nilioutia kwenye mbao, mwenyewe keshatangulia," alikuwa akisema. "Wangu uacheni."

Hoza akavizia. Akajibanza nyuma ya muuza kahawa, kamera chini ya shati. Mzee akasimuliwa jambo, akacheka mpaka pengo likaonekana, na Hoza akabonyeza. Mzee hakujua mpaka anaingia kaburini.

Mdoe akaomba. "Shikamoo mzee. Naomba picha yako."

"Marahaba. Uso hapana. Mikono chukua."

Mdoe akapiga mikono: randa, mbao ya mninga, kidole gumba kisicho na ukucha.

Mwajabu akakaa. Akafagia maranda, akashika mbao zikikatwa, akachemsha gundi. Masika yakaja yakaisha. Mzee akaanza kuugua, akakonda, na siku moja akasema mwenyewe, "Binti, nipige picha. Nataka nijione na mimi." Mwajabu akapiga, akasafisha, akamletea. Mzee akaitazama sana.

"Kumbe," akasema. "Itunze. Ila mke wangu asiione hii. Nimekwisha humu." Mwajabu akaapa.

Haukupita muda mzee akafariki. Mkewe, Bi Mwantumu, akipanga vitu akakuta fremu uvunguni, ya mninga, kioo kimeshatiwa. Akakumbuka mumewe aliwahi kumwambia, "Hii ni ya hapa nyumbani." Ya nini, hakusema. Mtu asiyetaka picha anajitengenezea fremu ya nini? Mimi sijui, na wewe unayetikisa kichwa hapo hujui vilevile.

Bi Mwantumu akaenda studio, fremu kaikumbatia. "Fundi, mume wangu ananipotea. Mwanzoni nikifumba macho namwona. Sasa naona koti, naona kofia, pale pa uso hapana kitu. Kesho kutwa ni arobaini, ukoo wote unakuja, na mimi nitakaa namlilia mtu nisiyemkumbuka. Nipeni kitu cha kutia humu."

Wanafunzi wakaitwa.

"Mama, fremu ni ya picha yangu," Hoza akasema. "Unatafuta uso, na uso ninao mimi. Niliuiba, nakubali. Lakini ningeomba, leo uso huu usingekuwepo."

Bi Mwantumu akaishika picha, machozi yakamtoka. "Ndivyo alivyokuwa akicheka." Kisha akairudisha mezani. "Lakini alikataa, mwanangu. Hata mimi mkewe alinikatalia. Nimweke ukutani kwa nguvu sasa ambapo hawezi kusema?"

"Basi ni ya picha yangu," Mdoe akasema. "Hii aliitoa kwa hiari yake, sikuiiba."

Bi Mwantumu akakipapasa kile kidole gumba. "Ni yenyewe. Lakini mikono sijaisahau."

"Na wewe uliyeshinda naye," Bi Mwantumu akamuuliza Mwajabu, "hukupata chochote?"

Angeweza kusema hapana, yakaisha. "Ninayo, mama. Uso wake, ananitazama, na aliniomba mwenyewe. Lakini aliniapisha wewe usiione."

"Aliyekufa ni yeye. Anayesahau ni mimi. Kiapo chako kinamlinda nani?"

Mwajabu akaitoa, imefungwa kwenye kitambaa, akaiweka mezani huku analia. "Kuifungua siwezi, mama. Kukuzuia nako siwezi."

Wote wakamgeukia Fundi Mhina. Akakifuta kile kioo, nacho kilikuwa safi. "Kila mmoja amefanya kama nilivyomfundisha," akasema. "Hapo ndipo ninapochanganyikiwa."

Na mimi hivyo hivyo. Usiku naamua, asubuhi naamka nimeamua vingine. Msiniambie ziingie zote, fremu ni moja na mzee aliipima ya picha moja. Msumari umeshapigwa ukutani, wageni wako njiani, na Bi Mwantumu bado amekaa pale, mkono mmoja juu ya kicheko alichoibiwa mumewe, mwingine juu ya kitambaa, na ile picha ya mikono iko katikati.

Je, kati ya aliyeiba, aliyeomba na aliyeapa, nani alistahili fremu ile? Na Bi Mwantumu amlilie mume yupi?