Ngazi ya Tatu Wasikorudi Wagonjwa

Hapo zamani za kale, wanangu, wakati wanyama wakiugua, wakipanga foleni na kumeza dawa chungu kama ninyi, kulikuwa na mlima wenye ngazi tatu za matibabu. Sogeeni karibu, maana hadithi hii inatisha.

Bondeni palikuwa na zahanati ya Muuguzi Kanga. Ukiwa na kikohozi au kidonda, unaanzia kwake. Akishindwa, anakupeleka katikati ya mlima, kwenye kituo cha afya cha Daktari Nungunungu, yule mwenye sindano zilizomwota mgongoni. Nungunungu naye akishindwa, anakupandisha kileleni, kwenye hospitali ya rufaa. Hospitali hiyo ilikuwa ndani ya pango kubwa, na daktari wake alikuwa Tembo.

Tembo aliponya wengi. Lakini alizeeka, akafa. Kiangazi hichohicho wakaja wageni wawili waliovaa makoti meupe.

"Niiteni Profesa," alisema Fisi. "Na huyu Chui ni msaidizi wangu."

Tangu hapo, aliyepandishwa kileleni hakushuka tena. Ndugu zake wakienda kuuliza, wanajibiwa, "Bado anatibiwa!" Kisha mlango, ba!

Siku moja jiwe lilimwangukia Mama Pimbi mguuni. Mwanawe Pimbi alikuwa mdogo wa mwili lakini mwepesi wa akili. Akamkimbiza mama yake zahanati. Kanga akaufunga mguu, akatikisa kichwa, akawaelekeza kituo cha afya. Nungunungu akaubonyeza.

"Aaii!" akalia mama.

"Mfupa umevunjika vibaya," alisema Nungunungu. "Huu ni wa rufaa."

Pimbi akauliza. "Daktari, Swala ulimpeleka huko. Amerudi?"

"Bado... anatibiwa."

"Na Ngiri?"

Nungunungu akainamisha macho. "Naye bado."

"Mwanangu, twende tu," mama akasema. "Maumivu haya siyawezi."

Basi Pimbi akamlaza juu ya gome la mti, akamburuta kupanda mlima. Ukungu ukawafunika. Kadiri walivyopanda, ndege walizidi kunyamaza, mpaka ikasikika pumzi ya hao wawili tu.

Mlangoni Chui akambeba mama kwa mkono mmoja. "Mgonjwa ndani, ndugu nje!" Ba!

Pimbi akabaki peke yake. Kisha akasikia sauti kutoka ndani. Kwaruu! Kwaruu! Kwaruu! Kisu kilikuwa kinanolewa.

Mnajua pimbi ni watu wa mawe. Akatafuta ufa kwenye pango, akajipenyeza, akachungulia. Mungu wangu! Ngiri alikuwa amefungwa kamba kitandani. Karibu yake Nyani na Sungura, nao wamefungwa. Mama yake alikuwa amelazwa pembeni. Na kwenye kona kulikuwa na rundo la mifupa, na juu ya rundo hilo zilikuwa pembe za Swala.

"Huyu kizee atatosha supu," alisema Chui.

"Hi hi hiii!" Fisi akacheka. "Weka maji motoni!"

Pimbi alitaka kupiga kelele, akauma ulimi. Alitaka kukimbia, akamwona mama yake anageuza macho kumtafuta. Akarudi nyuma polepole, akazunguka mpaka mlangoni, akagonga.

"Hodi! Profesa, fungua! Kuna hatari!"

Fisi akatokeza kichwa. "Hatari gani?"

"Ule ugonjwa uliomuua Daktari Tembo, tumeambiwa uko humu pangoni! Unaanza na mate kujaa mdomoni."

Fisi akameza mate. Glup!

"Halafu tumbo linanguruma ukisikia harufu ya nyama."

Tumbo la Fisi, nguruu!

"Halafu unacheka bila sababu."

"Hi hi... yallah!" Fisi akajiziba mdomo. "Mwisho wake nini?"

"Meno yanang'oka yote. Unakufa kwa njaa huku chakula kiko mbele yako."

Fisi akaanza kulia. Lakini Chui akaja taratibu, macho yake makali kama kaa la moto. "Mimi sina ugonjwa wowote. Huyu anatudanganya."

Moyo wa Pimbi, du! du! du! Akajikaza. "Basi fungua mdomo nikuone, mzee. Sema aaa."

"Aaaa!"

Pimbi akaingiza kichwa kizima kati ya yale meno. Pumzi ya Chui ilinuka damu. Angefunga mdomo tu, hadithi ingeishia hapo. Pimbi akachomoa kichwa, akapiga yowe.

"Lo! Wako umepita ngazi ya kwanza, umepita ya pili, umefika ya tatu! Fizi zimeshaanza kuachia!"

Chui akajigusa jino kwa ulimi. Kwa hofu akahisi linacheza. "Tutibu basi!"

"Mimi? Si hapa ndipo penye Profesa?"

Wakatazamana. Fisi hakujua hata kufunga bandeji.

"Dawa ni sindano za Nungunungu," alisema Pimbi. "Mwende wenyewe. Mkifika, mpeni mgongo, mfumbe macho na msiseme neno. Ukisema, jino linadondoka."

Wakasukumia jiwe mlangoni ili nyama yao isitoroke, wakateremka mbio, tifu tifu tifu! Pimbi akapita njia ya mkato kwenye nyufa za mawe, akafika kituoni kabla yao, akahema akieleza yote.

Nungunungu akakaa chini. "Ni mimi niliyewapeleka," alisema. "Mimi mwenyewe. Nilikuwa naogopa kuuliza."

"Utalia baadaye, baba. Wanakuja!"

Fisi na Chui wakaingia, wakageuka, wakafumba macho. Nungunungu akaja kinyumenyume, akasimamisha miiba yake yote, akawachoma nayo. Chwa! Chwa! Chwaaa!

"Uwiiii!" Wakaruka mpaka darini. Wakatoka mbio na miiba imewajaa kuanzia shingoni mpaka mkiani, wakapita zahanati bila kusimama, wakavuka mto, wakapotea.

Nungunungu, Kanga na Pimbi wakapanda kileleni na ndugu wote wa wagonjwa. Wakalisukuma lile jiwe, wakawafungua wagonjwa kamba. Ngiri akatoka na Mama Pimbi mgongoni, akafuata Nyani, kisha Sungura. Ndugu wengine waliita majina ya watu wao mpaka sauti zikawakauka. Mke wa Swala alizichukua zile pembe, akazikumbatia, akashuka nazo mlima.

Nungunungu alimnyoosha Mama Pimbi mfupa kadiri alivyoweza. Alipona, ingawa alichechemea maisha yake yote. Baadaye alikuja daktari wa kweli, Twiga, akasimamia hospitali. Mlango wake uliachwa wazi, na ndugu waliruhusiwa kukaa na wagonjwa wao.

Nanyi, wanangu, mkipelekwa kwa mkubwa yeyote, msione haya kuuliza waliotangulia wako wapi.