Harusi ya Spana na Koleo

Hapo zamani, bomba la maji lilipokuwa bado kitu cha kwenda kutazamwa kama twiga, palikuwa na mji ukiitwa Mferejini, na sultani wake akiitwa Mwinyimvua. Mjini humo alikaa fundi mmoja, jina lake Vuai, hana shamba wala ng'ombe. Mali yake ni sanduku la vyuma na mdomo usiojua kunyamaza. Na mkewe, Mize, alikuwa na mimba ya miezi minane.

Basi siku moja bomba la kasri likagoma. Waziri Shaali akalivamia kwa koleo la dhahabu alilomnunulia Sultani kwa mgeni mmoja mpita njia. Koleo likateleza, likaparura nati, na bomba likabaki kukohoa upepo. Ikawa hapana budi, Vuai akaitwa.

"Lebeka, maulana."

"Ewe Vuai, bomba hili lina nati saba, na kila nati ina ukubwa wake. Nami nimechoka na sanduku lako. Likipita uani kwangu hulia kama masufuria yaliyogombana. Kesho uje na spana moja tu, na adhuhuri isinikute sina maji."

Vuai akacheka. "Hilo dogo, maulana. Nitakuja na spana malaya."

Lahaula! Baraza zima likashika midomo. Waziri akainuka mbio, maana hakusahau kuwa Vuai, sokoni mbele za watu, aliliita lile koleo la dhahabu "hereni isiyo na sikio."

"Maulana, amri yako ya mwaka juzi yasemaje? Malaya asivuke lango la kasri!"

"Ni jina tu, Bwana Waziri. Mafundi humwita hivyo kwa kuwa hana nati moja. Taya lake hupanuka na kujibana, akawa kila nati ni yake."

"Na malaya ni nani, kama si huyo?"

Sultani akajikuna ndevu. Aliona mambo yanakwenda upande, lakini mfalme hamezi neno lake mbele ya watu. "Amri ni amri," akasema. "Spana moja, nati saba, na malaya asivuke lango. Ukishindwa, jua la kesho likitua usionekane Mferejini, wewe na wako."

Vuai akarudi nyumbani miguu mizito. Mize alipoyasikia, akatupa mwiko.

"Na tumbo hili nilipeleke wapi? Nikazalie njiani kama mbuzi? Mdomo wako huo, Vuai!"

"Jina tu, mke wangu, jina limeniponza."

"Kama ubaya ni jina, si umuoze? Mwanamke akishaolewa, nani tena atamwita malaya?"

Vuai akasimama kama aliyemwagiwa maji. "Hebu rudia hapo."

Basi wakamwaga sanduku chini, wakatafuta mchumba miongoni mwa makoleo. Mize akashika la kwanza, linang'aa kama kioo, akalifumba na kulielekeza juani. Mwanga ukapenya kati ya meno.

"Huyu ana pengo. Waya mwembamba utampita hivi hivi. Simtaki."

La pili meno mazuri, lakini alipolitikisa, kiungo kikacheza.

"Kiuno kimelegea. Leo kashika, kesho kaachia. Wanaume hao nawajua."

"Unawajua wapi?" akauliza Vuai.

"Tazama kazi yako!"

La tatu lilikuwa jeusi, zito, la marehemu baba yake Vuai. Juani halikupitisha hata uzi wa mwanga, kiungo kimetulia, na Mize akalifungua na kulifunga kwa mkono mmoja bila kulazimisha. "Sura hana," akasema, "ila huyu ndiye mume."

Bibi harusi naye akakaguliwa. Taya lake halikugongagonga. Gurudumu lake likazunguka kwa kidole gumba, na pale lilipowekwa likakaa. Mahari ikawa tone la mafuta. Majirani wakaitwa mashahidi, vigelegele vikapigwa, na watu wakala mihogo kwa kucheka.

Asubuhi Vuai akafika langoni amebeba kitu kilichofunikwa kanga.

"Nani huyo?" wakauliza walinzi.

"Bibi harusi na mumewe. Msimfunue, ana haya."

Walinzi wakatazamana, wakapisha. Vuai akaenda moja kwa moja kwenye bomba. Koleo likaushika mkia wa parafujo usizunguke, spana ikabana nati pasibaki nafasi ya karatasi, ikageuza. Mume anashika, mke anageuza, nati ya kwanza hata ya saba. Maji yakaruka, yakamlowesha Waziri kilemba.

"Maulana!" akafoka Waziri, maji yakimchuruzika. "Amemwingiza malaya! Ninamwona kwa macho yangu, malaya yule yule!"

Vuai akainama kwa adabu. "Maulana, spana ni moja tu kama ulivyoamuru. Huyu ameolewa jana, na mume wake huyu hapa, na mashahidi wapo mtaani. Naomba kuuliza: mtu akimwita mke wa mwenziwe malaya mbele ya baraza, hukumu yake nini?"

"Viboko themanini," akasema Sultani polepole. Kisha akageuka. "Waziri, hebu rudia. Umesema nani ni malaya?"

Waziri akakamua kilemba chake. "Nimesema... hongera kwa bibi harusi, maulana."

Sultani akacheka hata akashikwa ubavu. Alipopoa akauliza, kidogo kwa wivu: "Na koleo langu la dhahabu, mbona hamkuliposa?"

Vuai akaliomba, akalifumba, akaliinua juani. Mwanga ukampiga Sultani machoni.

"Mchumba tajiri, maulana, ila ana pengo."

"Basi lichukue. Kwangu halina kazi."

Mwezi uliofuata Mize akajifungua mtoto wa kike, palepale Mferejini, na sonara akaliyeyusha lile koleo. Hereni ikapata sikio lake. Tangu hapo mtu wa Mferejini hanunui koleo asilolitazama juani kwanza, akauliza, "Huyu ataoleka?"

Hadithi yangu nimeikaza nati. Atakayetaka kuifungua, na aje na spana yake.