Ukoko wa Mwisho

Sogeeni, na atakayesinzia asije kuniuliza kesho. Watoto watatu walitoroka kwao, wakawa wanalala nyuma ya soko la mjini: Shomari, Tunu na Kidawa. Sababu naijua, ila mama wa kambo wa Kidawa ni jirani yangu.

Jioni moja walikuwa wakila ukoko wa wali waliopewa na mama ntilie, kwenye sufuria kuukuu. Zimwi likaja, likaketi. Kilipobaki kipande kimoja likasema, "Atakayekula hiki atapona. Wengine nawala."

Shomari akamsogezea Tunu. Tunu akamsogezea Kidawa. Kidawa akalisogezea zimwi.

"Una wazimu?" likauliza.

"Hapa kwetu cha mwisho ni cha aliyekuja mwisho. Hata mimi nilipokuja mwisho nilipewa. Kula, Babu, usitutolee macho."

Zimwi likatafuna polepole, na njaa yake ya miaka yote ikaisha.

"Na kesho?" likauliza kwa sauti ndogo.

"Kesho wewe si mgeni," akasema Shomari. "Utaosha sufuria."

Likajilaza kama ukuta upande unakotoka upepo, nao wakaliegemea wakalala.

Hamniamini? Nendeni nyuma ya soko mkauguse ule ukuta. Haupati jua wala moto, lakini una joto, na chini yake kuna sufuria iliyooshwa.