Figo Halikupiga Kelele

Wapendwa, kulikuwa na fundi cherehani mmoja ambaye mafigo yake yalikufa yote mawili. Dada yake akampa moja la kwake. Madaktari wakalipandikiza, naye akapata nguvu. Siku ya kuondoka hospitalini walimpa vidonge, wakamwambia ameze asubuhi na jioni maisha yake yote, kwa kuwa mwili hausahau kwamba figo lile ni mgeni, na bila dawa utalikataa.

Akaja kanisani, akatoa ushuhuda kwamba amepona. Tukaimba, tukapiga makofi. Tangu siku hiyo akaona aibu kuonekana na vidonge. Mtu amesimama madhabahuni akasema amepona, atamezaje dawa mbele za watu? Akaanza kuruka vya jioni. Kisha na vya asubuhi.

Fundi huyu alipenda tamthilia za televisheni, na humo alikuwa ameona figo likikataliwa: mgonjwa anaanguka sebuleni, mashine inalia, madaktari wanakimbia. Basi dada yake alipomuuliza habari za kliniki, alicheka.

"Dada, likiharibika si utaniona nimeanguka?"

"Wale wanaanguka ili wewe usibadilishe stesheni," dada akamjibu. "Nenda kapime damu."

Hakwenda. Angekwendaje, na chakula kinapita, na cherehani inazunguka? Miezi michache baadaye viatu vikaanza kumbana. Akadhani ni viatu, kumbe ni miguu inavimba. Akalegeza kamba.

Siku moja alimsindikiza dada yake kliniki, na muuguzi akamchukua damu na yeye. Daktari alisoma majibu, akayasoma tena.

"Dawa uliacha lini?"

"Nilipopona, daktari."

Figo lilikuwa limekwisha. Hakuna mashine iliyolia. Hakuna aliyekimbia. Chumba cha pili wauguzi walikuwa wanakunywa chai. Dada yake akaweka mkono ubavuni, pale penye kovu, akasema polepole, "Figo nilikupa, mdogo wangu. Kukumezea dawa sikuweza."

Alirudi kwenye kusafishwa damu kwa mashine, kama kabla ya kupewa figo, mara tatu kwa wiki. Mwaka uliofuata tulimzika.

Na sisi je? Uzima tumepewa bure, kwa jeraha la mwingine. Tumesimama hapa tukasema tumepona. Halafu sala ya jioni tukaiacha, na ya asubuhi ikafuata. Tunangoja nini? Tunangoja tuanguke ndipo tujue kuna kitu kimekufa ndani? Wapendwa, hatutaanguka. Tutalegeza kamba za viatu, tuendelee kutembea.

Siku ile ya ushuhuda mimi nilipiga makofi kuliko wote. Nilikaa naye benchi moja Jumapili nyingi baada ya hapo, na sikumuuliza hata mara moja kama amemeza.

Leo, kabla hujatoka nje, mgeukie aliyekaa karibu nawe. Muulize.