Mwenyekiti Asiyeshiba

Aliye na njaa akale kwanza ndipo aje kukaa hapa. Hadithi hii ni ya mpira lakini ina chakula kingi, na mimi sipendi kusikia matumbo ya watu yakinguruma ninapozungumza.

Huko Italia, nyuma ya milima, kuna bonde linaitwa Kolinera. Tajiri mmoja wa zamani alileta wanyama wa kwetu kwa meli ili awaweke kwenye bustani yake. Akafa, geti likaoza, wanyama wakatoka. Wakajifunza lugha, wakajifunza jibini, na kama ilivyo kwa kila anayekaa Italia zaidi ya wiki, wakaanzisha klabu ya mpira. Mwenyekiti akawa Fisi, kwa sababu ndiye aliyecheka kwa sauti kubwa kuliko wote siku ya uchaguzi. Kocha akawa Sungura. Nahodha akawa Simba, ambaye tangu azaliwe hajawahi kumpa mtu pasi. Golini alikaa Tembo. Nasema alikaa kwa sababu alikaa kweli, kitako, na akishakaa haikubaki nafasi ya kupitisha hata limau. Winga wa kushoto alikuwa Kanga, mama wa vifaranga tisa, na huyo ndiye peke yake aliyefanya mazoezi.

Mwaka huo mvua iligoma. Mto ukabaki mawe, visima vikabaki mashimo, ikabaki chemchemi moja tu juu mlimani. Na wanyama wa milima ile wana desturi yao: maji ya kiangazi hunywewa kwa kufuata msimamo wa ligi. Waliomaliza wa kwanza hunywa kwanza, wa pili hufuata, na wa mwisho hukuta tope. Mwaka uliotangulia Kolinera walimaliza mkiani. Wakati ule vifaranga wa Kanga walikuwa kumi.

Kwa hiyo siku ya kwanza ya msimu Kanga alisimama mbele ya wenzake. "Jamani, mwaka huu tujifunze kucheza. Mimi siwezi kuzika mwingine."

"Mimi sihitaji kujifunza," alisema Simba. "Mpira ukinitaka, unajua nilipo."

Sungura akatabasamu. "Mama Kanga, usijichoshe na mbio. Nimesoma kitabu cha kanuni."

Kanuni yenyewe ilikuwa hivi. Kabla ya mechi, wenyeji humlisha mwenyekiti wa wageni, na refa hapulizi kipyenga mpaka mgeni atamke kwa mdomo wake, "Nimeshiba." Chakula kikiisha kabla neno halijatoka, wenyeji wamepoteza, tatu bila. Hakuna aliyewahi kupoteza kwa njia hiyo. Wageni wana adabu zao bwana, mtu anaonja mara mbili, anafuta mdomo, anasema neno, kazi inaanza.

Mechi ya kwanza ilikuwa ugenini kwa Nguruwe. Fisi akakaribishwa mezani saa nne asubuhi. Saa sita sahani zikaisha. Saa nane masufuria yakaisha. Saa kumi Nguruwe wakaanza kuchimba viazi shambani, wachezaji wao wote kumi na mmoja wakiwa na jezi na majembe.

"Mwenyekiti, umeshiba?" aliuliza Twiga, refa mkuu wa milima yote.

"Bado kidogo," alijibu Fisi.

Jua likazama. Tatu bila.

Wiki iliyofuata wakaenda kwa Panya wenye ghala la jibini. Tatu bila. Wakaenda kwa Punda. Tatu bila, na zizi likabaki bila paa, maana paa lilikuwa la nyasi. Mechi za nyumbani Tembo alikaa golini na Simba akasimama katikati akisubiri mpira umjie kwa heshima. Zote ziliisha sare ya bila kwa bila. Ilipofika Desemba, Kolinera walikuwa wanaongoza ligi na viatu vyao bado vilikuwa ndani ya maboksi.

Nguruwe wakapeleka malalamiko, na Twiga akamwita Sungura. "Kocha, mtu gani hashibi?"

Sungura alikuwa pia daktari wa timu. Usiniulize alisomea wapi. Akachukua karatasi, akaandika cheti papo hapo: Mwenye cheti hiki, kwa maumbile ya ukoo wake, hawezi kushiba, hajawahi kushiba, na hatashiba.

Twiga akakisoma mara mbili kutoka kule juu. "Sawa. Lakini ongeza mstari. Siku mwenye cheti akishiba, ushindi wote wa mezani unafutwa na klabu inashushwa mkiani."

"Andika hata mistari kumi," alisema Sungura, akaweka sahihi kwa mbwembwe.

Ndipo mambo ya Kombe la Ulaya yakaanza. Kwa Dubu wa kaskazini Fisi alikula akiba yote ya asali na samaki waliyoweka kwa ajili ya usingizi wa baridi. Mwenyekiti wao, Mzee Dubu, akalala akiwa na njaa, akaamka baada ya dakika kumi, na hakulala tena. Kwa Bata Bukini wa nchi za chini hapakuwa na kitu ila majani, na Fisi akala majani saa saba mfululizo, akilalamikia chumvi. Kisha wakaenda visiwani kwa Kondoo. Hao hawakumfikisha hata mezani. Mwenyekiti wao alimtazama Fisi, akatazama watoto wake, akasema, "Tatu bila. Safari njema." Kolinera wakaingia fainali ya Ulaya bila kupiga kona hata moja.

Kati ya safari za ligi, moja nataka muikumbuke. Ugenini kwa Nungunungu, Fisi alikaa mezani kutwa nzima akimaliza viazi vya kijiji. Wenzake walilala kivulini. Kanga hakulala. Alichukua mpira akacheza pembeni na timu ya Nungunungu, kwa kujifurahisha tu, na aliwapita wote, miiba na yote. Mwenyekiti wao, Bwana Nungunungu, aliona ghala lake likiisha upande huu na akamwona Kanga upande ule, na alitazama upande ule zaidi.

Sasa ikaja Jumapili ya mwisho ya ligi, nyumbani Kolinera, dhidi ya hao hao Nungunungu. Kolinera walikuwa wa kwanza, Nungunungu wa pili, nyuma kwa pointi mbili. Sare tu ilitosha, na sare ilikuwa imekaa golini tayari, inapepea masikio. Kilichobaki ni kumlisha mgeni, na Bwana Nungunungu ni mlaji mdogo. Kiazi kimoja kinamtosha, na kingine anakuachia.

Bustani ya Kanga ilikuwa na viazi vitatu vya mwisho. Alivimwagilia kwa maji ya kunywa aliyojinyima yeye mwenyewe. Jumamosi asubuhi akavipeleka ghalani, ambako ufunguo hushikwa na mwenyekiti kwa desturi.

"Mwenyekiti, hivi ni vya mgeni. Nakuomba sana. Wanangu watakunywa kwa hivi."

"Mama Kanga, unanionaje?" alisema Fisi, akaweka mkono kifuani.

Ghalani mlikuwa na vitu vingi siku hiyo. Mashabiki walikwishaleta zawadi za sherehe ya ubingwa: magurudumu sita ya jibini, soseji ndefu za kufungia mbuzi, mapipa ya zeituni, keki yenye sura ya Simba. Fisi alifunga mlango kwa ndani ili avilinde vizuri.

Jumapili uwanja ukajaa. Hata Mzee Dubu alikuwa ameshuka kutoka kaskazini kungoja fainali ya Ulaya, macho mekundu kama nyanya. Bwana Nungunungu akakaa mezani, akatandika kitambaa chake. Sungura akaenda kufungua ghala.

Alirudi amekunja masikio. Nyuma yake walikuja nyumbu wanne wakimbeba Fisi kwenye ubao, maana miguu yake haikufika chini. Tumbo lilikuwa limemzidi. Alikuwa amekula jibini, soseji, zeituni na keki, akaanza na sura. Alikuwa amekula mipira ya akiba, vibendera vya kona, na ubao wa mbinu wa kocha pamoja na mbinu zenyewe. Na viazi vitatu.

Kanga alimwangalia. "Vya mgeni pia?"

"Vilikuwa juu ya rafu," alisema Fisi kwa sauti ya mbali. "Vilinitazama."

Twiga akatazama kivuli cha mlingoti. "Kivuli kikifika mezani na mgeni hajashiba, wenyeji wamepoteza. Kanuni ni yenu wenyewe."

Simba akasema yeye ni nahodha, si mpishi. Tembo akauliza kama anaweza kusimama. Sungura akaanza kumweleza refa kwamba kivuli si ushahidi. Kanga hakungoja mtu. Alikimbia mpaka kwake, akakung'uta kibuyu cha vifaranga, zikatoka punje za mtama, konzi moja tu, ndicho chakula chao cha siku ile. Wale tisa wakamtazama mama yao akizibeba. Akarudi mbio, mbio za winga, na alipofika kivuli kilikuwa hakijafika mezani kwa upana wa kidole.

"Hizi hapa," alisema, pumzi hana.

Bwana Nungunungu akaziona, akamwona Kanga, na akaelewa zimetoka wapi. "Punje moja inanitosha, mama," alisema taratibu. "Nitasema neno. Tucheze mpira, kila mtu apate anachostahili."

Lakini desturi ni desturi, na mgeni hupokea chakula kutoka mkononi mwa mwenyekiti wa wenyeji. Wakaziweka zile punje kwenye kiganja cha Fisi, pale pale kwenye ubao, na nyumbu wakamsogeza mezani. Harufu ya mtama ikampanda puani. Akageuza uso, akafumba macho, akacheua kwa kirefu.

"Ondoeni hicho kitu," alisema. "Nimeshiba."

Mzee Dubu akainuka polepole. "Amesemaje huyo?"

"Homa," alidakia Sungura. "Mgonjwa huropoka."

"Mimi sijalala tangu Desemba," alisema Mzee Dubu. "Nauliza tena. Amesemaje?"

Twiga akatoa cheti, akakisoma kwa sauti mpaka ule mstari wa mwisho, wenye sahihi ya mbwembwe. Kisha akakikunja. "Mimi si mtu wa kuonea. Kama ni homa, tutajua sasa hivi. Mwenyekiti, kula punje moja. Moja tu. Ukiimeza, hukushiba, na kila kitu kinabaki kama kilivyo."

Akaichagua ndogo kuliko zote, akaiweka mbele ya Fisi.

"Punje moja, Mwenyekiti," alisema Sungura. "Ulikula paa la Punda."

"Ninakuamuru," alisema Simba. Kisha akafanya jambo ambalo halijaonekana tena milimani. "Tafadhali," alisema.

Midomo ya Kanga ilikuwa imekauka.

Fisi akafungua mdomo. Akaisogeza punje mpaka kwenye ulimi. Akaitazama kwa macho yote mawili yakiwa yamekutana puani. Tumbo likalia kama mlango wa zamani. Akaitema, akaanza kulia machozi, na nadhani alilia kweli, maana ni mara ya kwanza katika maisha yake chakula kumshinda.

Twiga akapuliza kipyenga, mara moja. Kwa Kolinera ndicho kipyenga pekee cha maana walichosikia mwaka ule. Ushindi wote wa mezani ukafutwa, wa ligi na wa Ulaya. Kolinera wakaenda mkiani, Nungunungu wakawa mabingwa. Mzee Dubu akasema, "Afadhali," akajilaza katikati ya uwanja, akalala hapo hapo kwa muda wa wiki sita.

Kanga alikuwa anaondoka zake, kichwa chini, Bwana Nungunungu alipomwita. "Mama, dirisha la usajili linafungwa jioni. Sisi tuna nafasi ya winga wa kushoto."

"Nina watoto tisa," alisema Kanga.

"Usajili wetu ni wa familia," alisema Bwana Nungunungu. "Nilikuona siku ile, wakati ghala langu linaliwa. Ndicho kitu pekee kilichonifariji."

Kanga akalia, na hakuficha. Akaweka alama ya mguu wake kwenye karatasi.

Siku ya kwanza ya kiangazi vijiji vilipanga mstari kwenye chemchemi. Mbele kabisa walikuwa Nungunungu, na mbele ya Nungunungu vifaranga tisa wakinywa na kuinua shingo, wakinywa na kuinua shingo. Nyuma kabisa walikuwa Kolinera. Fisi alikuwa amekwishakonda na njaa imemrudia. Kila aliyeshuka na ndoo alisimama kidogo mbele yake, Nguruwe, Panya, Punda, Kondoo aliyekuja kutoka visiwani kwa kazi hiyo tu, akamuuliza kwa adabu, "Mwenyekiti, umeshiba?"

Mimi nasema waliyataka wenyewe, Sungura na cheti chake na Simba na kiburi chake. Walipewa mpira, wakaugeuza meza ya kulia.

Na ile punje? Kanga aliiokota Jumapili ile ile, akaifuta vumbi, akampa kifaranga wa tisa. Aliimeza mara moja.