Kwa Nini Kengele ya Skalinka Inakohoa

Sogeeni karibu na jiko, na yeyote anayetaka kuicheka kengele yetu aicheke sasa hivi amalize, maana nikishaanza sitaki kusikia hata pumzi ya mtu. Enzi ninazozisema, Skalinka haikuwa na kengele kabisa, si nzima wala mbovu. Milima ya Slovakia ilikuwa hii hii mnayoiona dirishani, mto ulikuwa huu huu, na kijiji cha Dubina kilikuwa pale pale chini bondeni, kimenona kwa ngano na majivuno. Sisi huku juu tulikuwa na mawe. Ulipanda kiazi kimoja, ukavuna kiazi kimoja na ndoo mbili za mawe.

Kwa sababu ya mawe hayo, wanaume wa Skalinka waligeuka mafundi wa waya. Theluji ikiyeyuka tu, kila mmoja alijitwika sanduku lake mgongoni, ndani yake nyundo, koleo na vitita vya waya, akaenda nchi za watu kutafuta vyungu vilivyopasuka. Alipita nyumba hadi nyumba akinadi kazi yake kwa sauti, na chungu alichopewa alikifunga kwa wavu wa waya mpaka kikashika maji tena. Alirudi karibu na Krismasi, viatu vimekwisha. Kazi hiyo iliwaachia tabia moja ambayo hakuna dawa yake: fundi wa waya hawezi kukiona kitu asikigonge. Anagonga, anatega sikio, anajua kama kina ufa. Waligonga sufuria, wakagonga mapipa, na inasemekana mmoja wao alimgonga mkwewe kichwani siku ya harusi, ila kwa hilo mimi siapi.

Sasa, miongoni mwao aliishi mwanamke aitwaye Rozália, mke wa Imrich Drozd. Imrich alikuwa fundi kuliko mafundi wote, alijua kwamba ni fundi kuliko wote, na mkewe alijua kwamba anajua. Kwa miezi tisa ya mwaka, mume akiwa njiani, Rozália ndiye aliyelima yale mawe na kukamua kondoo. Na kwa kuwa chungu kikipasuka hakimsubiri fundi arudi, ndiye aliyevifunga vyungu vya kijiji kizima, jikoni kwake. Wanaume walipoviona walitabasamu. "Waya wa wanawake," walisema. Rozália hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini lilimuuma.

Ndipo ikaja amri kutoka wilayani. Kijiji kinachotaka kuitwa kijiji, ilisema, lazima kiwe na kengele yake, ya kuita watu moto ukizuka na kuwaaga wafu wanapozikwa, na kengele hiyo isikike hadi kwenye jiwe la mpaka. Kisichokuwa nayo kitaunganishwa na jirani. Skalinka ilipewa mwaka mmoja, mwisho wake sikukuu ya Mamajusi, tarehe sita Januari. Gašpar, mkuu wa kijiji cha Dubina, aliposomewa amri hiyo aliagiza bia. Alikuwa ameyamezea mate malisho yetu ya juu tangu utotoni.

Mtu wa leo anaweza kusema, jina tu hilo, mkiitwa Dubina mtapungukiwa nini? Rozália alijua watapungukiwa nini. Nyuma ya kanisa letu la mbao, penye makaburi, alikuwa na watoto wawili. Gašpar alishatangaza kwamba kijiji kimoja hakihitaji makaburi mawili, na kwamba mahali pale pangefaa zizi la ng'ombe. Rozália alipoyasikia hayo aliweka ndoo chini katikati ya njia, akasimama.

Kwa hiyo mwaka ule mafundi walipoondoka walikuwa na kazi mbili. Kila walipoziba chungu waliomba shaba chakavu: bomba lililovunjika, kitasa cha mlango, kijiko kisicho na mpini. Arobaini waliondoka, arobaini wakarudi, na shaba yao ikayeyushwa na mfua kengele wa mjini. Siku chache kabla ya Krismasi kengele ikaletwa juu kwa gari la kuteleza kwenye theluji, imefunikwa majani makavu. Haikuwa kubwa, uzito wake kama ndama wawili. Lakini ilikuwa yetu, na watu wazima walilia bila kuona haya.

Baridi ya siku hiyo asikuambie mtu. Mate yaliganda kabla ya kufika chini. Padri alisema kengele ipandishwe mnarani mara moja, na ingepandishwa, laiti kijiji kingekuwa cha wakulima. Kilikuwa cha mafundi wa waya. Mzee wa kwanza akachomoa nyundo. "Kidogo tu," akasema, "tusikie kama ni nzima." Akagonga, ikaimba hadi mlima wa pili. Loo! Nani tena angekubali kurudi nyumbani bila kugonga? Wakapanga mstari, wanaume arobaini, kila mmoja na nyundo yake.

Rozália alipenya katikati ya watu. "Jamani, acheni," alisema. "Kitu kikiwa baridi hivi hakigongwi. Hata chungu cha supu sikigongi kikitoka nje."

"Nenda kaangalie jiko, mke wangu," Imrich akamjibu mbele ya watu. "Hii ni kazi ya mafundi."

Watu wakacheka, naye akarudi nyuma. Imrich, kwa heshima yake, alikuwa wa mwisho, na nyundo yake ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko zote. Akainua, akagonga. Kengele ikatoa sauti ya ubao. Ufa ulikuwa umepanda kutoka ukingoni kwenda juu, urefu wa shibiri moja, mwembamba, umenyooka. Imrich akakaa chini kwenye theluji, pale pale aliposimama.

Jua halijazama, Dubina nzima ilikuwa na habari. Kesho yake Gašpar alituletea ndoo kuukuu ya bati, na ujumbe: gongeni hii. Imrich alijifungia bandani na kondoo, hali, hasemi. Zikiwa zimebaki wiki mbili tu, wanaume wengine walikaa majumbani wakiwaogopa wake zao, na walikuwa na haki ya kuwaogopa.

Rozália alikasirika kweli kweli. Sitawadanganya kwamba alimwonea huruma mumewe. Siku mbili hakumpelekea hata kipande cha mkate. Siku ya tatu alitoka kwenda makaburini, akakaa huko kidogo, na alipotoka alikwenda moja kwa moja bandani akausukuma mlango kwa goti.

"Imrich, inuka."

"Niache, Rozália. Nimekiua kijiji."

"Umepasua kengele. Kilichopasuka hufungwa. Au nyinyi huko mnakokwenda miezi tisa huwa mnafanya kazi gani?"

Imrich alitikisa kichwa. Alisema ameshaifikiria, usiku na mchana. Waya unaovutwa kwa koleo una nguvu ya kushika udongo, si shaba. Kengele ikipigwa mara mbili utalegea. Hilo hata mafundi wa mjini wangemwambia.

"Kwa sababu nyinyi hufunga waya baridi," alisema Rozália. "Njiani hamna jiko. Mimi ninalo. Mimi waya naupasha moto mpaka unakuwa mwekundu, ndipo naufunga. Ukipoa unajivuta wenyewe, na unauma kuliko koleo la mwanamume yeyote. Miaka kumi na miwili navifunga hivyo vyungu mnavyovicheka. Umewahi kuona kimoja kimelegea?"

Imrich akafikiri. Alikuwa na majivuno lakini hakuwa mwongo. "Hapana," akasema. Kisha, kwa shida, kama mtu anayeng'olewa jino, akasema: "Nifundishe."

Ulihitajika waya wote wa kijiji, kila kitita kilichokuwa kwenye kila sanduku. Waya huo ndio ulikuwa mkate wa mwaka uliofuata. Jirani mmoja, Vendelín, alilikalia sanduku lake. "Nikiutoa wangu, mwakani watoto wangu watakula nini?" aliuliza. Rozália akamtazama. "Na ukiubakiza, mwakani watoto wako watakuwa watu wa wapi?" Vendelín akainuka, akalifungua sanduku mwenyewe. Mwaka ule tulishindia viazi na maji ya jibini, na hakuna kitabu cha wilaya kilichoandika hilo, kwa hiyo naliandika mimi kwa mdomo.

Waling'oa fremu ya mlango wa jikoni kwa Rozália wakaiingiza kengele ndani. Wakailaza juu ya manyoya ya kondoo, siku mbili nzima, baridi iitoke taratibu. Imrich alitoboa tundu dogo pale ufa ulipoishia, ili usiendelee kupanda. Kisha Rozália akasokota nyaya saba kuwa kamba moja, akaiingiza kwenye moto, na mafundi wanne wakaishika kwa koleo na kuizungusha kwenye tumbo la kengele, Imrich akiikaza. Kijana mmoja wa mafundi akakimbilia ndoo ya maji. "Wee! Weka chini hayo maji, unataka ipasuke tena?" Rozália alimkaripia, na jikoni mle hakuna aliyethubutu tena kuwa na akili yake mwenyewe. Kamba ikapoa yenyewe, ikilia kidogo kidogo, na ufa ukabanwa mpaka unywele haukupita. Walizungusha kamba kumi na mbili, wakazishikiza kwa nyaya zilizopanda hadi kwenye kishikio cha juu, mtindo ule ule wa chungu. Ikapandishwa mnarani asubuhi ya sikukuu ya Mamajusi. Wanaume arobaini walisimama chini yake, mikono mifukoni. Hakuna aliyeigonga.

Kwa hiyo hakuna aliyejua kama italia. Na alihitajika mtu wa kusimama kwenye jiwe la mpaka pamoja na mkuu wa wilaya. Wanaume wakatazama viatu vyao. Rozália akajifunga shali akashuka yeye, na kamba ya kengele akabaki nayo Imrich.

Pale kwenye jiwe alimkuta mkuu wa wilaya, mtu mrefu mwenye pua iliyowiva kwa baridi, na karani wake ameshika kitabu. Gašpar naye alikuwapo, amevaa koti la sikukuu, na nyuma yake nusu ya Dubina imekuja kutazama. Ukungu ulikuwa umefunika kila kitu. Mkuu wa wilaya akatoa saa yake mfukoni. Saa sita, muda uliopangwa, ikafika, kimya.

Ndipo ikaja. Haikuimba. Ilitoka kwenye ukungu nzito, yenye mikwaruzo, kho, kho, kho, sauti ya mzee aliyeamka na kifua kibovu. Rozália alifumba macho. Na Gašpar, Mungu wangu, Gašpar alicheka mpaka akashika mbavu.

"Mheshimiwa, hiyo ndiyo kengele?" alisema huku akifuta machozi. "Hicho ni kikohozi!"

"Umeisikia, basi," alisema mkuu wa wilaya. Hakuwa mtu wa kucheka.

"Nani hajaisikia? Ng'ombe wangu wameisikia!"

"Si kengele ya Dubina?"

"Ya Dubina!" Gašpar aliona ametukanwa. "Mheshimiwa, wilaya nzima hii hakuna kengele yenye sauti mbaya namna hiyo. Mtoto mchanga angekwambia kwamba hiyo ni ya Skalin..."

Akakomea hapo. Mdomo ulibaki wazi, ukungu ukaingia.

Rozália alifumbua macho. "Andika, mheshimiwa," alisema. "Imesikika mpakani, na imejulikana ni ya nani. Shahidi ni mkuu wa Dubina." Mkuu wa wilaya akamwashiria karani, na karani akaandika.

Rozália alipanda mlima mbio kwa miguu yake ya miaka arobaini na mitano. Mnarani alimkuta Imrich bado anavuta, hajui aache lini, viganja vinatoka damu. Akamshika mikono. "Basi," alimwambia. "Tumebaki Skalinka." Imrich akalia, naye akamwacha alie, kisha akamwambia: "Kesho asubuhi uurudishe mlango wa jikoni."

Toka siku ile mpaka leo hii kengele yetu inakohoa, na hatutaki itibiwe. Kila Krismasi, kila nyumba hupeleka waya wa urefu wa mkono mmoja, uliopashwa moto jikoni na mke na kukazwa na mume, kubadilisha ule ulioshikwa na kutu. Hakuna msichana wa Skalinka asiyejua kufunga waya, wala mvulana anayethubutu kuucheka waya wa mwanamke. Wajukuu zetu waliotajirika ng'ambo waliwahi kutuletea kengele mpya, nzuri, yenye sauti ya malaika. Tuliwashukuru sana, tukaipa Dubina.

Na mafundi wetu bado wanarudi kwa miguu wakati wa ukungu, wakipita kijiji baada ya kijiji bila kuona hata paa la nyumba. Mtu wa Skalinka akisikia kengele inayoimba vizuri, hulipandisha sanduku lake mgongoni, akaendelea na safari, kwa sababu anajua hapo bado si kwao.