Breki Iliyonyamazishwa

Wapendwa, kaeni vizuri, na mwenye mtoto aliyelala amwache alale. Leo nawapeleka mlimani, kwenye kijiji ambacho ukungu unaingia ndani bila kubisha hodi, unakaa mpaka uchoke wenyewe. Ukisimama mlangoni jioni huoni zizi wala njia. Unasikia tu. Ng'ombe, mtoto anayeitwa, maji ya mto, vyote ni sauti.

Huko aliishi bwana mmoja, mlinzi wa chanzo cha maji. Kazi yake ilikuwa juu msituni, nyumba yake chini bondeni, na katikati palikuwa na mteremko wenye kona. Alikuwa na baiskeli ya milimani, yenye matairi mapana, aliyoachiwa na mgeni mmoja aliyekuja kutazama ndege. Breki zake si hizi tulizozoea za waya na raba. Zilikuwa za mafuta. Ukibana mkononi, mafuta yanasukumwa ndani ya mpira mwembamba mpaka kwenye gurudumu, na huko pedi mbili zinaibana sahani ya chuma. Baiskeli inatii.

Lakini ikaanza kulia. Jamani, ililia! Kila kona, mlio mwembamba, mrefu, unapita katikati ya ukungu mpaka mbwa wanaitika. Na mkewe kule bondeni akauzoea. Kona ya juu ikilia, anabandika maji. Kona ya katikati ikilia, anaanza kusonga ugali. Kona ya mwisho ikilia, anapakua, na mume anaingia ugali ukifuka moshi. Yule bwana alidhani mkewe ana bahati na mapishi. Mke naye hakumwambia, alitabasamu tu.

Sasa, kwenye kona ya katikati palikuwa na jirani. Mnamjua jirani wa namna hiyo, wengine mmekaa naye benchi moja. Siku moja akasimama njiani na watu wake, akasema, "Ndugu yangu, hiyo baiskeli unaiendesha au unaichinja?"

"Inalia tu. Sijui ina nini."

"Kitu kikilia, kipake mafuta! Mlango wangu ulikuwa unalia hivyo hivyo. Nimeupaka, siku hizi hata mwizi anaingia bila kuniamsha."

Watu wakacheka. Yule bwana naye akacheka, lakini moyoni aliona aibu. Tena kulikuwa na dalili nyingine, akaziacha zipite. Asubuhi aliona tone linang'aa kwenye jiwe chini ya gurudumu, akasema ni umande, maana kule kila kitu kina umande. Kishikio cha breki kilikuwa kimeanza kulegea mkononi, akasema ni baridi. Kilichomsumbua ni kelele. Basi akapokea kichupa cha mafuta ya alizeti kwa jirani, na kesho yake jioni, kabla ya kuteremka, akaipaka ile sahani ya chuma, akapaka na pedi zake, taratibu, kwa upendo kabisa.

Akapanda, akaachia.

Kona ya juu akabana kidogo. Kimya. Wapendwa, kimya kitamu! Kwa mara ya kwanza alisikia matone yakidondoka kutoka kwenye majani. Alisikia ndege wa jioni wakiagana. Ukungu ulimpita mashavuni mweupe, laini, na gurudumu likawa halionekani, akahisi kama haendeshi tena, anaelea, kama mtu anayeota kwamba anaruka na hataki kuamshwa. Alipita kwa jirani bila sauti yoyote. Akawaza, kumbe amani ndiyo hii.

Kona ya mwisho akabana. Akabana tena, kwa mikono yote miwili. Kishikio kikaenda mpaka kwenye usukani, na baiskeli haikujua kama imeshikwa.

Kule bondeni, mkewe alikaa na unga mapajani. Alisubiri kona ya juu. Jiko lilikuwa tayari, moto umeshika, sufuria haina maji. Alisikiliza mpaka masikio yakaanza kumtungia mlio usiokuwepo. Mwisho akajifunga kanga, akapanda mteremko akiita jina la mumewe, na ukungu ukawa unameza jina hilo. Akafika kwa jirani.

"Shemeji, hujamsikia mume wangu akipita?"

"Sijasikia kitu," jirani akasema, tena kwa fahari. "Leo kimya kabisa!"

Kumbe mke alikuwa amepita pale mume wake alipoanguka, akapita tena akirudi. Mume alikuwa chini kidogo tu ya njia, katikati ya magimbi, mguu umevunjika, pumzi imembana. Alizisikia hatua za mkewe zikija na zikienda. Alitaka kuita, sauti haikutoka. Mpaka mama yule akakanyaga alama ya tairi pale ilipoacha njia, akainama, akaifuata kwa mikono kama mtu anayetafuta sindano. Akamgusa. Akaketi kwenye matope, akamlaza kichwa mapajani, akalia sana. Mume naye akamwacha alie.

Mume alipona, anachechemea. Baiskeli mkewe aliikokota mwenyewe mpaka kwa fundi. Fundi akashika sahani, akanusa vidole.

"Mama, nani ameipaka mafuta?"

"Si ilikuwa inalia?"

"Ilikuwa inalia kwa sababu inavuja. Kuna kijimpira hapa ndani kimechoka, mafuta ya breki yanatoka kidogo kidogo, yanalowesha pedi. Breki ilikuwa inawaambia. Ninyi mkaongeza mengine."

Akatupa pedi zile, maana zilishalewa mafuta. Akaisafisha sahani kwa spiriti, akabadili kijimpira, akajaza mafuta mapya ndani na kutoa viputo vya hewa mpaka kishikio kikawa kigumu. Akasema, "Sasa haitalia tena."

Mama akashtuka. "Haitalia? Sasa nitamsikiaje?"

"Mfungie kengele, mama," fundi akacheka.

Wapendwa, naona mnatabasamu. Mnamcheka jirani, na mlango wake. Haya.

Jumapili iliyopita, mama mmoja alilia humu ndani. Pale, karibu na dirisha. Alilia kwa sauti katikati ya maombi, na sisi sote tukageuka. Watu wawili wakamshika mkono kwa upole, wakamtoa nje. Wakamwambia, nyamaza mama, Mungu ni mwema, yatapita. Ni kweli Mungu ni mwema. Na mafuta ya alizeti ni mazuri pia, kwenye kikaango. Mama yule akanyamaza. Ibada yetu ikaendelea, tulivu, tukaimba vizuri, na mlangoni wengi mlinishika mkono mkaniambia, leo tumebarikiwa.

Nani kati yetu alimwuliza, mama, umeumia wapi? Nani alikaa naye kwenye matope akamwacha alie? Na ninyi akina baba, mtoto anayepiga kelele nyumbani, mke anayelalamika kila siku jambo lile lile, mmemtafutia fundi, au mmemtafutia kichupa?

Tazameni pale dirishani. Leo kiti kiko wazi.

Mahubiri yangu yameishia hapa. Wimbo wa mwisho tutauimba njiani, maana tunakwenda kwake sote, sasa hivi, kabla hatujala. Anayejua mama yule anakaa wapi asimame, atutangulie.

Nasubiri.

Wapendwa, mbona kimya?